Mama alizisugua kwa ukwaju

Jumanne usiku, saa tatu kasoro, simu yangu iliita. Alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ni baba wa watoto wawili na yuko Korogwe. Walikuwa wanabomoa jiko la marehemu babu yake wajenge jingine, na nyuma ya tofali lililolegea wakakuta kifuko cha kaniki kina sarafu kumi na moja. "Shikamoo Mwalimu. Ni za Mjerumani, lakini zimepiga weusi mpaka nyingine hazisomeki. Nimeshanunua Brasso, nataka tu uniambie nianze na ipi."

Nikamwambia aiweke hiyo Brasso, dawa ya kung'arishia vyombo vya shaba, juu kabisa kwenye kabati, azirudishe sarafu kwenye kitambaa chake, asiziguse tena mpaka nimpigie asubuhi. Nadhani nilisema kwa ukali, kwa sababu alinyamaza. Asubuhi nikampigia, nikamweleza taratibu, na maelezo yakachukua karibu saa nzima. Si mara ya kwanza kuulizwa jambo hili. Nyumba nyingi za huku kwetu, kuanzia Pangani mpaka milimani Lushoto, zina kikopo au kifuko cha aina hii mahali fulani, kwa hiyo nimeamua kuyaandika yote.

Nafundisha kemia, lakini jambo hili sikulijifunza darasani. Nililijifunza kwenye kopo la Kimbo.

Baba yangu alifariki mwaka 2011. Alikuwa karani wa mizani kwenye shamba la mkonge nje kidogo ya mji wa Tanga, na babu kabla yake alifanya kazi kwenye mkonge tangu enzi za Mjerumani mpaka akaja Mwingereza. Baada ya arobaini tuligawana vitu vidogovidogo. Kaka zangu walichukua saa na redio, mimi nikaomba kopo. Nililijua tangu utotoni: lilikaa juu ya kabati, lililia ukilitikisa, na baba hakulifungua kabla ya kutandika leso mezani. Mlikuwa na rupia mbili za fedha zenye kichwa cha Kaiser Wilhelm amevaa kofia yenye tai juu yake, hela za Mjerumani kubwa na ndogo, senti za tundu, shilingi za simba, na hela tatu zilizogongwa Tabora ambazo baba aliziweka peke yake ndani ya kipande cha gazeti.

Mama, kabla ya kunikabidhi, aliziosha.

Lazima nieleze mama yangu ni nani, vinginevyo mtu atamwelewa vibaya. Ni mzaliwa wa Ngamiani, nyumba ya watu waliokuwa na masinia na mabirika ya shaba. Mkesha wa kila Idi vyombo vyote vya shaba vilitolewa uani. Ukwaju uliloweshwa tangu asubuhi, ukachanganywa na jivu la kuni lililochekechwa, na sisi watoto tukasugua kwa vipande vya makumbi ya nazi mpaka sinia likakuonyesha uso wako. Kwake, kumpa mtu chombo cheusi ni kumkosea heshima. Kwa hiyo aliposikia mwanawe ameacha redio akachagua kopo la babake, alikaa uani tangu alasiri mpaka karibu na magharibi, akasugua sarafu moja moja, zote thelathini na mbili. Alinipa zimepangwa kwenye kitambaa cheupe, zinang'aa kama zimetoka kiwandani siku ile. Nilimkumbatia. Sikuona kosa lolote, niliona upendo, na upendo ulikuwapo kweli.

Miezi kadhaa baadaye nilikwenda Dar es Salaam kwa semina ya walimu, nikazibeba. Nilielekezwa kwa mzee mmoja anayenunua na kuuza sarafu za zamani. Alitandika kitambaa cheusi, akavuta taa ya mezani karibu, akachukua lenzi. Akainua ya kwanza ya Tabora, kidole gumba na cha shahada vikiishika ukingoni tu, akaigeuza chini ya taa, akaiweka. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu. Rupia alizitazama kidogo sana. Kisha akaniuliza, "Dada, hizi nani ameziosha?"

Nikamwambia ni mama.

"Mama amekupenda sana," akasema. Hakusema kwa dharau. "Lakini za fedha mimi nitazipima kwenye mizani tu, nikulipe bei ya fedha. Na hizi za shaba sina cha kukupa. Rudi nazo, zikae kwako."

Akatoa ya kwake ya Tabora kwenye bahasha ndogo, akaiweka kando ya yangu, akanipa lenzi. Ya kwake ilikuwa rangi ya asali iliyokaa sana, kahawia yenye kijanikijani kwa mbali, na ndani ya mashimo ya herufi weusi umetulia sawasawa, kila herufi inasimama. Yangu ilikuwa ya njano kali, na kwa macho matupu ilipendeza kuliko ya kwake. Chini ya lenzi ndipo nilipouona mkono wa mama. Mikwaruzo midogo kama nywele, mamia, yote inakwenda upande mmoja, na mahali alipozungusha kumbi ili afikie pembezoni mikwaruzo nayo imepinda. Kingo za herufi zilikuwa zimelainika kama sabuni iliyotumika siku mbili. Na hapa na pale kulikuwa na madoa ya rangi ya waridi ambayo hayakuwa kwenye ya kwake.

Yale madoa niliyaelewa palepale, na ndipo moyo uliponishuka, kwa sababu nilikuwa nimeyafundisha ubaoni. Shaba ya njano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Ukwaju una asidi ya tartariki. Asidi ikikutana na mchanganyiko ule huanza na zinki, maana ndiyo dhaifu, na inapoitoa hubakia shaba nyekundu peke yake juu juu. Ndio ule uwaridi. Jivu nalo lina chembe ngumu kuliko shaba. Kwenye sinia ambalo fundi amelifua nene hakuna neno, litasuguliwa miaka mia. Kwenye sarafu, picha nzima imesimama kwa kimo kidogo mno.

Hapa ndipo penye kiini cha yote niliyomwambia kijana wa Korogwe. Tunaposema sarafu ni chafu, tunachanganya vitu viwili. Kuna uchafu, yaani kitu kilichotoka nje kikakaa juu ya sarafu: udongo, mafuta ya mikono, masizi ya jikoni, gundi ya selotepu. Na kuna rangi. Ule ukahawia wa shaba na ule weusi wa fedha haukutoka nje ukaja kukaa. Ni sarafu yenyewe. Ni shaba iliyoungana na oksijeni, ni fedha iliyoungana na salfa. Ukiuondoa, umeondoa shaba na fedha iliyokuwa sehemu ya picha, na hairudi. Zaidi ya hapo, ile rangi ilikuwa inakinga: ikishatulia, hewa haipati tena njia rahisi ya kula metali iliyo chini yake. Sarafu iliyosuguliwa iko uchi. Zangu za shaba, ndani ya mwaka mmoja wa hewa ya bahari, zilianza kubadilika upya, lakini kwa mabaka, nyekundu hapa, nyeusi pale, alama ya kidole cha mtu pembeni.

Sarafu mpya kabisa ina kitu kingine ambacho watu hukiita mng'ao bila kukitazama vizuri. Kigongeo, yaani muhuri wa chuma wenye picha, kinapoigonga, metali husukumwa kutoka katikati kwenda pembezoni, na msukumo ule huacha mistari midogo isiyoonekana kwa jicho. Ukiizungusha sarafu hiyo chini ya taa, mwanga nao unazunguka kama spoku za gurudumu la baiskeli. Mng'ao wa Brasso haufanyi hivyo, unakaa palepale kama wa kijiko. Mnunuzi mzoefu hahitaji hata lenzi. Anainamisha tu, mwanga hautembei, amekwisha jua. Kampuni kubwa za Marekani za kupima ubora wa sarafu, PCGS iliyoanza mwaka 1986 na NGC iliyoanza 1987, huipa sarafu alama kati ya 1 na 70 na kuifungia ndani ya plastiki ngumu. Iliyosafishwa vibaya haipewi namba. Huandikwa tu kuwa imesafishwa, na maneno hayo huifuata popote itakapouzwa.

Nirudi kwenye zile za Tabora, kwa sababu naona watu wengi wanazo na hawajui walichonacho. Katika vita vya kwanza vya dunia bahari ilikuwa imefungwa na Waingereza, meli za sarafu kutoka Ujerumani hazifiki, na fedha za kulipia askari na wapagazi zimeadimika. Wajerumani wakaamua kugonga sarafu wenyewe, na mahali walipopata mashine palikuwa karakana ya reli Tabora. Mwaka 1916 zikatoka pale hela 20 za shaba nyekundu na za shaba ya njano, hela 5, na za dhahabu za rupia 15 zenye tembo, dhahabu ikiwa ya machimbo ya Sekenke. Chini ya mwaka kuna herufi T. Septemba ya mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora, mambo yakaishia hapo. (Na neno hela tunalolitamka kila siku ni hizihizi, Heller, zilizoingia mwaka 1904 kwa hesabu ya 100 kwa rupia, kabla yake rupia ilikuwa pesa 64.)

Kwa kuwa ilikuwa kazi ya karakana, vigongeo havikufanana. Taji lililo juu ya herufi D.O.A., kifupi cha Deutsch-Ostafrika, Afrika Mashariki ya Mjerumani, ni kubwa kwenye nyingine, dogo kwenye nyingine. Na katika neno HELLER, herufi mbili za L zina mikia: kwenye baadhi mkia umejikunja kama ndoano, kwenye baadhi umechongoka tu. Watu wanaokusanya sarafu za Tabora huzitafuta tofauti hizo moja moja, na zipo ambazo ni adimu kuliko nyenzake. Mkia ule wa L ni mdogo kuliko chembe ya sukari. Dakika tano za jivu na kumbi zinatosha kuumaliza. Katika zangu tatu, moja tu bado naweza kusema kwa uhakika ni ya namna gani.

Niliamini hizo tatu ndizo zote, mpaka mwaka 2016 mama aliponiita nimsaidie kupanga vitu vya cherehani yake. Kwenye kopo la vifungo, chini kabisa, kulikuwa na ya nne. Baba alimpa walipooana, na mama aliitumia miaka yote kuchorea duara kwenye kitambaa, kwa vile vifungo vya kufunikwa. Haikuwahi kuoshwa kwa sababu hakuihesabu kuwa sarafu. Ilikuwa kifaa cha kazi. Ukingoni imechakaa kwa chaki na penseli, lakini katikati ilikuwa na rangi ileile ya asali niliyoiona kwa yule mzee, na mikia ya L yote miwili imejikunja, mizima.

Nilimpa mama lenzi. Alitazama muda mrefu. Kisha akaniuliza swali ambalo nilikuwa nimeliogopa miaka mitano: "Kwa hiyo zile nilizokuoshea, niliziharibu?"

Sikutaka kumdanganya. Nilimwambia, "Kwa mnunuzi, ndiyo mama. Kwangu hapana, zile siziuzi." Na siziuzi kweli. Zipo kwenye kopo lake, na sijajaribu kuzirudishia weusi kwa dawa kama baadhi ya watu wafanyavyo, maana huko ni kuongeza kosa juu ya kosa na kumdanganya atakayezipata baadaye. Mama hakusema kitu. Alinirudishia ile ya nne kwa kuishika ukingoni, kwa kidole gumba na cha shahada, na sikuwa nimemfundisha.

Kwa sarafu za fedha watu hudhani mambo ni rahisi, kwa sababu masonara wana dawa za kuchovya na weusi unaondoka kwa sekunde. Unaondoka kweli, ukiwa umeondoka na fedha yake, na ukichovya mara mbili tatu sarafu inakuwa nyeupe iliyofifia kama mkebe. Kuna njia ya mtandaoni ya karatasi ya aluminiamu, magadi soda na maji ya moto. Darasani naipenda, maana inaonyesha vizuri jinsi aluminiamu inavyoipokonya fedha salfa yake. Ni kweli kwamba pale fedha inarudi kuwa fedha, lakini hairudi mahali ilipokuwa. Wanafunzi waliona kwa hadubini: uso uliokuwa laini umekuwa kama umepakwa unga.

Shilingi za simba ndizo zinazoumia zaidi, na ndizo nyingi majumbani. Zile zilizoanza mwaka 1921 chini ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki hazikuwa za fedha tupu. Kati ya gramu zake 7.78, fedha ni robo tu. Ndiyo maana iliyochakaa sana hutoa rangi ya manjano chafu kwenye mgongo wa simba na kwenye shavu la mfalme. Ukisugua ili "uirudishie weupe", unachofanya ni kuharakisha uchakavu huohuo, na weupe unaoutafuta ndio unaoupoteza. Nimeona shilingi ya kijana mmoja wa hapa Chumbageni aliyoisugua kwa dawa ya meno, simba amebaki kivuli.

Je, basi hakuna kabisa cha kufanya? Kipo, na mimi hukifanya, lakini sisugui. Uchafu wa kweli huyeyushwa, haukwaruzwi.

Sarafu yenye udongo au vumbi la chumvi naiweka kwenye maji yaliyochujwa kwa mvuke. Maduka ya vipuri na vituo vya mafuta huyauza kwa jina la maji ya betri. Soma chupa mara mbili, kwa sababu wapo wanaoita hivyohivyo ile asidi ya betri, na hiyo itakula sarafu na vidole. Maji ya bomba siyatumii, yana klorini na chumvi, na hivyo ni vitu ambavyo shaba haipaswi kuvionja. Inalala humo siku moja au mbili, nabadilisha maji, basi.

Yenye mafuta, gundi, au ule utelezi wa kijani unaotokana na vifuko vya plastiki laini vya albamu za bei rahisi, naiweka kwenye asetoni. Asetoni tupu ya duka la kemikali, si dawa ya kutolea rangi ya kucha, maana hiyo ina marashi na mafuta ndani yake. Inayeyusha uchafu wa namna hiyo na haiigusi metali wala rangi yake. Tumia glasi ya kioo, kwa sababu vikombe vingi vya plastiki vitayeyuka, fungua madirisha, na jiko liwe limezimwa kabisa, inashika moto upesi sana. Naifunika nusu saa, wakati mwingine usiku kucha, naigeuza kwa kijiti cha meno, naihamishia kwenye asetoni safi ya pili, kisha naiacha ikauke yenyewe juu ya kitambaa cha pamba. Sipangusi. Hamu ya kupangusa ni kubwa, nawaambia ukweli, mkono unakwenda wenyewe.

Mafuta ya nazi wengi wameniuliza. Siyapendi kwa kazi hii. Yakichacha hutoa asidi zake, na shaba iliyoachwa humo inaota ukijani.

Halafu kuna ugonjwa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo kuacha sarafu bila kuigusa ni kosa, na sisi wa pwani ugonjwa huo tunaupata zaidi kuliko watu wa bara. Kijani si kimoja. Kijani kigumu, cheusicheusi, kilichokaa laini kama rangi ya mlango, ni cha zamani na kimetulia, kiache. Lakini ukiona madoa ya kijani hafifu, ya ungaunga, na ukiyagusa kwa kijiti yanamomonyoka na kuacha shimo dogo, ujue chumvi imeingia ndani. Kloraidi ikikaa na shaba, ikapata unyevu na hewa, hutengeneza asidi. Asidi inakula shaba nyingine, kloraidi inaachiwa tena, inaanza upya. Haichoki mpaka shaba iishe. Sarafu kama hiyo itenge na wenzake siku hiyohiyo. Iweke kwenye chupa yenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha vinavyokuja kwenye boksi la viatu. Bila unyevu, ugonjwa unasimama.

Wataalamu wa makumbusho wamezoea kuitibu shaba ya aina hii kwa kuilowesha wiki nyingi, hata miezi, ndani ya maji yenye sodiamu seskikaboneti, wakibadilisha maji kila mara ili kloraidi itoke polepole. Siku niliposoma jina hilo nilifunga kitabu nikacheka kwa furaha. Sodiamu seskikaboneti ni magadi! Magadi yaleyale ya ziwa Magadi na ziwa Natron, tunayoweka kwenye maharage. Lakini tafadhali msikimbilie jikoni: magadi ya sokoni yana chumvi ya kawaida ndani yake, na chumvi ndiyo kloraidi tunayoikimbia. Wao hutumia yaliyosafishwa, na hata hivyo rangi ya sarafu inaweza kubadilika. Mimi huishia kwenye chupa na vifuko.

Na kwa zilizotoka ardhini kwenye magofu, neno langu ni fupi. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zina maandishi ya Kiarabu yenye vina, jina la sultani upande mmoja na sifa za Mungu upande wa pili. Zile ndogo za fedha zilizofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, zaidi ya elfu mbili, zimewaeleza wanahistoria mambo ya pwani hii ambayo hayakuandikwa kwingine kokote. Vitu kama hivyo husafishwa chini ya hadubini na watu waliosomea, kwa sababu bila kusafishwa havisomeki. Si vya kusugua nyumbani na si vya kuuza. Ukiokota, ipeleke kwa watu wa mambo ya kale, pamoja na udongo wake, na uwaonyeshe mahali hasa ulipoiokota.

Jumamosi kijana wa Korogwe alipanda basi akaniletea kifuko. Tulitandika leso ya baba mezani. Brasso hakuwa ameifungua, na nilimshukuru kwa hilo mbele ya mkewe. Tisa ni hela za kawaida, zimeiva rangi vizuri kabisa, pamoja na moja kubwa na nzito ya hela 5 ya mwaka 1909 ambayo mtoto wake mdogo hakutaka kuiachia. Moja ni ya Tabora, ya shaba nyekundu, yenye taji dogo. Zilizokuwa "hazisomeki" zilisomeka zote tulipoinamisha taa pembeni badala ya juu. Weusi haukuwa umeficha kitu, ni mwanga uliokuwa umekaa vibaya. Kaniki ndiyo niliyomwomba aiweke mbali, ina jasho la miaka mingi, na sarafu tumezihamishia kwenye vibahasha vya karatasi, kila moja na chake.

Ya kumi na moja ina ungaunga wa kijani kwenye ukingo. Iko kwangu, kwenye chupa ya jemu, juu ya kabati. Nimechora madoa yake kwenye daftari, ni saba, kubwa zaidi likiwa sawa na kichwa cha pini. Jumapili ijayo nitaitoa nihesabu tena.